Sura ya Saba: Buibui wa Ilimba

Mzee alivua hedifoni, akaziweka mkekani taratibu, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ilimba ni yangu. Vidole ni vyangu. Lakini humu ndani buibui amekufa."

Tulikuwa kijijini kwao, wilaya ya Chamwino, mwendo wa basi kutoka kwangu Kikuyu. (Msomaji wa Kenya asichanganyikiwe: Kikuyu yangu ni kata za jiji la Dodoma, Kaskazini na Kusini, palipo na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo.) Asubuhi ile nilikuwa nimemrekodi mzee akipiga ilimba, na baada yake akina mama watano wakipiga ngoma ya muheme. Kinasa sauti nilikiweka hatua moja mbele yake. Nilipomaliza nilitaka asikie alichopiga, nikampa hedifoni nilizoziamini kuliko zote nilizokuwa nazo. Hukumu yake ilinichoma, maana nilikuwa nimezilipia fedha nyingi. Nikazivaa mwenyewe, nikarudisha wimbo mwanzo, nikasikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza. Alikuwa amesema kweli.

Ili uelewe alichokuwa akisema, sharti ukae karibu na ilimba, karibu kiasi cha kunusa jasho la mpigaji. Ilimba ya Wagogo ni sanduku la mti lililochongwa likabaki wazi ndani, na juu yake zimepangwa ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Baadhi ya ndimi hazipigwi kabisa. Zipo ili zilie zenyewe zikiitikia nyingine. Na kwenye tundu la sanduku hubandikwa kipande cha utando ambao buibui hufunikia mayai yake, mweupe, mwembamba kama lile ganda la ndani la kitunguu. Ulimi ukipigwa, hewa ya sandukuni inatikisika, na utando nao unatetemeka: zzzz. Mgeni akisikia mara ya kwanza hudhani chombo kina ufa. Kwa Mgogo, ilimba isiyovuma hivyo haijakamilika. Mvumo ule hauji baada ya noti wala pembeni yake. Unazaliwa nayo, unaifuata hadi inapozimika, na ukisikiliza vizuri unasikia vitu viwili kwa wakati mmoja: chuma kinacholia kama kengele ndogo, na utando unaokoroma juu yake.

Katika hedifoni zangu za bei, kengele ilikuwepo. Mkoromo ulikuwa umegeuka kuwa mchakacho, kama mchanga ndani ya bati, na kwenye baadhi ya noti haukuwepo kabisa. Tangu siku ile, nikipewa hedifoni nizikague, swali langu la kwanza ni hili: buibui yu hai?

Sura hii inahusu hedifoni za mgongo uliofungwa. Zinazofunika sikio zima ziko za namna mbili. Kuna zile ambazo mgongo wa kikombe una matundu au wavu; sauti ya nyuma ya kiwambo, kile kigozi chembamba kinachotetema ili kutoa sauti, inatoka nje na kupotea hewani, na kelele za nje zinaingia bila kubisha hodi. Na kuna zile zilizozibwa nyuma. Mtangazaji wa redio anavaa zilizozibwa, maana muziki ukivuja kutoka masikioni mwake utaingia kwenye maikrofoni. Mwanakwaya anayerekodi sauti yake juu ya ala zilizokwisha kurekodiwa anavaa hizohizo. Na mkazi wa Kikuyu mwenye paa la bati, mwezi wa saba upepo wa uwanda wa juu unapovuma kutwa na bodaboda zikipita dirishani, naye hana chaguo la maana zaidi ya hilo.

Lakini kuziba mgongo kuna gharama, na gharama hiyo ndiyo inayotusumbua sisi tunaotaka kuhukumu. Kiwambo kinapokwenda mbele kusukuma hewa sikioni, kinavuta hewa nyuma yake. Sauti ya nyuma ni sawa na ya mbele, ila imegeuzwa. Katika kikombe kilichozibwa haina pa kwenda. Inagonga plastiki, inarudi, inapenya kiwambo na kukufikia ikiwa imechelewa kidogo. Wimbi la hezi 3,400 lina urefu wa sentimita 10 hivi. Kikombe chenye nafasi ya sentimita 5 kinaweza kulikamata na kulichezesha humo ndani kama mpira. Na eneo hilo, kuanzia hezi 2,000 kwenda juu, ndipo zinapokaa konsonanti za maneno, ncha za vidole kwenye chuma, na mkoromo wa utando wa buibui. Mtengenezaji mzuri hujaza pamba au sponji, hupindisha kuta za kikombe zisitazamane, huacha kitundu kidogo cha kupumulia. Mtengenezaji mvivu hutia besi nyingi ili usiutambue mwangwi wa kikombe chake.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji ala. Cheza sauti ya mtu mmoja anayesoma au kuhadithia, bila muziki nyuma, mtu unayemfahamu sauti kama unaweza. Anasikika yuko mbele yako, au anasikika amejifunika ndoo? Ndoo hiyo ndiyo kikombe. Mimi hutumia sauti ya marehemu mama mkubwa wangu niliyoirekodi kwa simu akinielekeza kupika mlenda. Naijua kila pumzi yake. Hedifoni ikimfanya azungumze puani, nimekwisha kujua la kujua.

Kabla hatujafika mbali, kuna jambo ambalo wahakiki wengi hulipitia juu juu na ambalo huku kwetu ni nusu ya kazi yote. Mwaka jana binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, alikuja kwangu jioni na hedifoni alizonunuliwa na kaka yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Mjomba, hizi zimenishinda. Kaka anasema zina besi, mimi siisikii hata chembe. Nahisi ni mbovu."

Nikamwomba azivae kama anavyozivaa siku zote. Alikuwa amesuka misuko minene, na mto wa kikombe ulikuwa umelala juu ya misuko mitatu, hivyo kati ya mto na ngozi palikuwa na mwanya unaoweza kupitisha njiti ya kiberiti. Nikamwambia aikusanye misuko nyuma ya sikio, kisha ashushe vikombe hadi mto ukae juu ya ngozi tupu pande zote. Alipofanya hivyo macho yakamtoka. "Mjomba, imekuja!"

Besi haikuja kutoka popote. Ilikuwepo muda wote, ikivujia nje. Chini kabisa ya mizani ya sauti, hedifoni iliyofungwa hufanya kazi kama pampu: inakandamiza na kulegeza ile hewa kidogo iliyofungiwa kati ya kiwambo na ngoma ya sikio. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Kwa mwendo wa polepole namna hiyo hewa ina muda wa kutosha wa kuchepuka kwenye mwanya wowote. Pampu ya baiskeli yenye mpira uliochanika haijazi tairi. Miwani inaleta mwanya kama huo. Hijabu nene inafanya hivyo, kilemba pia, na ndevu pia. Hedifoni ileile itakuwa na besi nzito kwa kaka mwenye kipara na nyepesi kwa dada mwenye misuko, na wote wawili watakuwa wakisema kweli. Ndiyo maana siamini hukumu ya mtu kuhusu besi mpaka nimeona kichwa chake.

Jifunze kuupima mwenyewe muhuri, yaani namna mto unavyoliziba sikio. Cheza muziki wenye besi ndefu, kisha bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka sana, palikuwa na mwanya. Isipobadilika, muhuri wako ni mzima, na sasa unaweza kuhukumu. Na kagua mito. Jua na ukavu wa Dodoma hula ngozi bandia. Baada ya misimu miwili mitatu inaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shavuni. Mto uliochakaa unabadilisha muhuri, na unabadilisha umbali kati ya kiwambo na sikio, kwa hiyo unabadilisha sauti. Mtu anayekuuzia hedifoni zilizotumika na kukuambia mito ni jambo la kubadilisha tu, hajui au hataki ujue kwamba mto mpya wa aina tofauti utakupa hedifoni tofauti.

Halafu kuna kosa la ukubwa wa sauti, ambalo hata mimi limenilia fedha. Niliwahi kusimama kwenye kibanda cha kuuza vifaa vya simu mjini, muuzaji akinivalisha jozi ya kwanza, kisha ya pili, na ya pili ikanishinda kwa utamu. Nikalipa. Nyumbani nikagundua kwamba ya pili ilikuwa inalia kwa nguvu zaidi kwa kipimo kilekile cha simu. Basi. Hakukuwa na utamu mwingine. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell kule Marekani, walionyesha kwamba sikio halisikii sauti za chini, za kati na za juu kwa uwiano uleule kila wakati: sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayofifia kwanza. Ukiongeza sauti, besi inajitokeza, muziki unaonekana umenona. Kwa hiyo jozi yenye kelele zaidi hushinda, na hushinda bila haki.

Dawa yake ni ya mikono. Kata kipande cha boksi gumu, toboa tundu dogo katikati, elekeza maikrofoni ya simu kwenye tundu, laza kikombe juu yake, cheza mlio mmoja usiobadilika wa hezi 1,000 au hata mlio wa redio isiyoshika stesheni. Programu ya kupima desibeli kwenye simu haina uhakika wa maabara, lakini hapa unalinganisha tu. Rekebisha mpaka jozi zote zifikie namba moja. Ukishafanya hivyo utashangaa ni tofauti ngapi ulizoapa kuzisikia zitakazoyeyuka. Zitakazobaki ndizo za kweli.

Kufumba macho nako kunasaidia, ingawa kwa hedifoni hakutoshi. Mjukuu anaweza kukubadilishia jozi ukiwa umefumba, lakini fuvu lako linaujua uzito, shavu linaujua mto. Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman walilitambua hilo, wakatumia jozi moja tu na kuigiza kwa kompyuta sauti za jozi nyingine, ili msikilizaji asijue anasikiliza ipi. Walichokipata kinanipa moyo: watu wa aina nyingi walielekea kupenda kitu kimoja, yaani hedifoni inayolia kama spika nzuri zilizowekwa ndani ya chumba kizuri. Na mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 na kuonyesha kwamba bei haikuhusiana na namna zinavyogawa sauti za chini na za juu. Mtu wa Kikuyu anayehesabu noti zake mbele ya kioo cha duka anastahili kulijua hilo kabla hajafungua pochi.

Lakini chumba kizuri chenye spika nzuri wengi wetu hatuna. Wapi tutapata kipimo? Hapa ndipo ninaporudi kwa mzee. Tatizo la kupima hedifoni kwa nyimbo za studio za siku hizi ni kwamba hujui wimbo ulikuwaje kabla haujarekodiwa; hakuna "kabla". Ngoma ya besi ya amapiano ilizaliwa ndani ya kompyuta. Hakuna aliyewahi kuketi mbele yake. Ilimba imewahi kuketiwa mbele. Zeze limewahi kuketiwa mbele. Muheme, ile ngoma yenye kiuno chembamba ambayo mwanamke wa Kigogo huibana kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, ukisimama karibu nayo huisikii kwa masikio pekee, inakugonga tumboni. Anayekulia Dodoma na anayehudhuria tamasha la muziki la Chamwino ana masikioni mwake kipimo ambacho mhakiki wa London hana. Tumekuwa tukikidharau.

Ukikosa mtu wa kumrekodi, zipo rekodi. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake akinasa muziki wa makabila mengi, Wagogo wakiwemo. Hukwe Zawose, mtoto wa nchi hii ya Ugogo aliyekuwa mwalimu Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996 kupitia lebo ya Real World ya Peter Gabriel. Hizo mbili huzitumia kwa makusudi tofauti. Ya Tracey ni ya zamani, sauti zake zina ukungu, na hedifoni kali itakukera kwa sauti ya mkanda. Ya Zawose ni safi na pana. Humo utasikia sauti ya mtu ikishuka hadi mngurumo wa koo na kupanda hadi wembamba wa filimbi, na hedifoni yenye tundu katikati ya mizani yake itamfanya aonekane watu wawili walioshonwa vibaya.

Kuna jingine la ndani zaidi. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki wa Afrika, alieleza kwamba Wagogo hupanga sauti zao kwa kufuata vivuli vya asili vya noti moja, kuanzia cha nne hadi cha tisa. Kivuli ni ile sauti nyembamba inayoambatana na kila noti, yenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara nne ya mama yake. Cha saba hakipo kwenye piano. Kiko chini ya ufunguo wa karibu kwa theluthi moja hivi ya nusu-toni. Wanawake wa Kigogo wanapoimba pamoja, sauti hizo zinalaliana kwa usawa kamili, hewa inatulia, na unasikia noti ambayo hakuna aliyeiimba. Hedifoni yenye mwangwi wa kikombe inautibua utulivu huo. Hailii vibaya kwa namna ya kelele. Inafanya kuwe na kijiwimbi juu ya maji yaliyotulia. Nimewasikilizisha vijana wasiojua lolote kuhusu muziki, nikawauliza tu ni wapi sauti "zimekaa", na karibu wote hunyoosha kidole kwenye jozi ileile.

Kwa ulinganifu wa kulia na kushoto, rekodi za zamani za Redio Tanzania ndizo mwalimu bora. Nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa kwa mono. Weka Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe akiimba. Sauti yake lazima ikae katikati kabisa ya kichwa, nyuma ya paji la uso, imara kama msumari. Ikiegemea kushoto, geuza hedifoni, kulia kuwe kushoto. Ikihamia upande wa pili, viwambo havilingani. Ikibaki palepale, ni sikio lako, na hilo ni la kumwona daktari.

Nguvu ya simu nayo izingatiwe. Beyerdynamic DT 770, jozi iliyofungwa inayopatikana studio nyingi duniani, hutengenezwa kwa ukinzani wa omu 32, 80 na 250. Ya 250 ukiichomeka kwenye simu italia kinyonge na utaisingizia ubovu ambao si wake. Hedifoni zisizo na waya zina kikuza sauti ndani yake, lakini nyingi hupinda sauti kwa makusudi ndani ya kompyuta yake ndogo. Zima kila kitu unachoweza kuzima kwenye programu yake kabla ya kuhukumu.

Na usisikilize kwa nguvu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Ukuu wa hedifoni iliyofungwa ni kwamba upepo na bodaboda vimepungua, kwa hiyo huna sababu ya kushindana navyo. Ninawajua watangazaji wawili, watu wa makamo, wasiosikia tena panzi wa usiku. Inaniuma kila ninapowaona wakigeuza kichwa kuuliza, "Umesemaje?"

Mzee alikuja mjini miezi mitatu baadaye, kumtazama mjukuu wake anayesoma. Alinipigia simu, nikampokea stendi, tukafika Kikuyu jua likishuka. "Mbukwenyi," akawasalimu wa nyumbani, akapewa uji. Nilikuwa nimempangia jozi tatu mezani, zimesawazishwa kwa kile kipande cha boksi. Nikamvisha ya kwanza. Akatikisa kichwa. Ya pili akaivua kabla noti ya kumi haijafika. Ya tatu ilikuwa kuukuu, niliyoinunua kwa fundi redio ikiwa haina mito, nikaitia mipya mwenyewe.

Akakaa nayo. Vidole gumba vyake, kimoja kina kovu la jembe, vikaanza kutembea juu ya magoti. Nikajua bila kuuliza. Wimbo ukaisha, ukaingia wa akina mama, na pale uso wake ukakunjamana.

"Huyu yu hai," akasema. "Lakini kwenye muheme wamewanenepesha wanawake wetu. Yule wa mwisho mkono wake mwepesi, mimi namjua, ni shemeji yangu."

Nikafungua ekwalaiza, nikashusha chini ya hezi 120 kidogo tu, desibeli 3. Akainua kidole.

"Hapo. Sasa nirudishie mwanzo."